Zipu imeharibika? Anza na kichwa chake kabla hujafumua nguo

Swali ni lile lile, nguo tu ndiyo inayobadilika. "Zipu ya jaketi inapanda vizuri lakini nyuma inaachia, ninunue nyingine?" Mwingine ana begi la mtoto la shule, mwingine ana gauni la sendoff na shughuli ni kesho. Kwa wengi wao jibu langu ni moja: usifumue kitu bado, tafuta koleo.

Meno ya zipu huwa hayachoki haraka. Kinachochoka ni kichwa, kile kidude unachokivuta kupanda na kushuka. Kila ukifunga na kufungua, meno yote yanapita ndani yake yakikisugua, na taratibu yale mabati yake mawili, la juu na la chini, yanaachana. Nafasi ikishakuwa kubwa, meno yanaingia na kutoka bila kubanwa yakashikana. Basi, nadharia imeishia hapo.

Ukimpelekea fundi cherehani mwenye foleni ya nguo, mara nyingi atakwambia abadilishe zipu nzima. Simlaumu, kwake hiyo ni kazi ya kawaida na matokeo yana uhakika. Ila wewe ukiwa nyumbani una muda wa kujaribu jambo la dakika tano kwanza.

Andaa hivi

- Koleo dogo, au plaizi kama unavyoliita. Lenye mdomo mwembamba ni zuri zaidi. Lile kubwa la fundi bomba litakuvunjia kichwa.
- Wembe mpya.
- Sindano imara na uzi wa poliesta. Uzi wa pamba hukatika mapema kwenye zipu.
- Mshumaa. Ukikosa, kipande kikavu cha sabuni ya mche au penseli ya kawaida.
- Mswaki wa zamani, pini kadhaa, bisibisi bapa ndogo na uma wa mezani.
- Kichwa kipya, endapo cha zamani kimepasuka. Maduka ya vifaa vya ushonaji huuza vichwa kimoja kimoja. Kariakoo, kwa mfano, huhitaji kununua zipu nzima ili upate kichwa.

Kabla ya kwenda dukani, geuza kichwa cha zamani utazame mgongo wake. Vingi vimeandikwa namba: 3, 5, 8 au 10. Namba hiyo inakaribiana na upana wa meno kwa milimita yakiwa yamefungwa. Namba 3 utaikuta kwenye magauni na sketi, 5 kwenye majaketi na mabegi mengi, 8 na 10 kwenye mabegi ya safari na mahema. (Herufi YKK zilizo kwenye zipu nyingi ni jina la kampuni ya Kijapani, si saizi. Kuna watu wamefika dukani wakaomba "saizi YKK".)

Namba peke yake haitoshi. Tazama na aina ya meno: kuna ya chuma, kuna ya plastiki nene yaliyokaa moja moja, na kuna ya nailoni, ambayo kwa kweli ni uzi mmoja wa plastiki uliozungushwa kama springi. Kichwa cha namba 5 cha chuma hakitakaa sawa kwenye namba 5 ya nailoni. Njia rahisi ni kubeba nguo yenyewe, au yale mabaki ya kichwa kilichovunjika.

Zipu inapanda lakini nyuma inaachia

Hili ndilo tatizo la wengi, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

1. Rudisha kichwa mpaka chini kabisa. Kama kimegoma katikati huku meno yameachia nyuma yake, usivute kwa nguvu. Shika kitambaa cha zipu pande zote mbili karibu na kichwa, tikisa kidogo kushoto na kulia, huku unakishusha.

2. Piga mswaki mkavu kwenye meno, juu na chini. Nyuzi, vumbi na mabaki ya sabuni ya unga hujificha humo. Jaketi la bodaboda litakutolea mchanga wa kutosha.

3. Pitisha ukucha polepole kwenye meno yote, upande mmoja kisha mwingine. Unatafuta jino lililopinda, lililolegea au lisilokuwepo. Yote yakiwa mazima, tatizo ni kichwa. Kama kuna jino limepinda kwenye zipu ya chuma, linyooshe kwanza kwa koleo. Kwenye nailoni, sehemu iliyobonyea unaweza kuiinua kwa ncha ya sindano.

4. Kiangalie kichwa vizuri. Mbele kina midomo miwili, ambamo meno ya kushoto na ya kulia huingilia. Nyuma kina mdomo mmoja, ambapo meno hutokea yakiwa yameshashikana. Sisi tunafanya kazi nyuma, kwenye kingo mbili za pembeni, pale ambapo bati la juu na la chini hukaribiana.

5. Weka kipande cha kitambaa juu ya kichwa ili koleo lisikikwaruze rangi. Shika ukingo wa kushoto kwa nyuma na ubane kidogo. Nasema kidogo: unapaswa kuhisi chuma kinakubali kwa shida, basi uachie.

6. Fanya vivyo hivyo ukingo wa kulia, kwa kiasi kile kile. Ukibana upande mmoja zaidi, kichwa kitatembea kikiwa kimeinama na meno ya upande mmoja yatakuwa yanarukwa.

7. Pandisha zipu. Ikishika, vizuri. Ikishika nusu halafu ikaachia, ishushe urudie hatua ya 5 na 6, tena kidogo. Ni kawaida kurudia zaidi ya mara moja.

8. Ikishatulia, sugua mshumaa kwenye meno yakiwa yamefungwa, kisha fungua na ufunge mara kadhaa nta isambae.

Sasa maonyo, kwa sababu hapa ndipo watu wanapoharibu. Vichwa vingi vimetengenezwa kwa zinki iliyomiminwa kwenye kalibu, na zinki haipendi kukunjwa mara nyingi. Ukibana kwa pupa inapasuka. Usibane mbele kwenye midomo miwili wala katikati, utakuwa unaziba njia ya meno. Na kama kichwa chenyewe ni cha plastiki, koleo halitasaidia. Hicho ni cha kubadilisha tu.

Umebana sana na sasa hakisogei? Ingiza ncha ya bisibisi bapa kwenye ule mwanya wa pembeni, izungushe taratibu mpaka mabati yaachane kiasi cha unywele. Usiigongee.

Kichwa kimechomoka upande mmoja (jinzi na suruali)

Unavuta zipu, kichwa kinabaki kimening'inia upande mmoja na upande wa pili uko huru. Kwenye jinzi hutokea sana, hasa za mitumba zilizokwisha kubana kiuno cha mtu mwingine kabla yako.

1. Shusha kichwa mpaka chini kabisa kwenye upande kilioshika.

2. Kwenye upande ulio huru, chagua sehemu kama sentimita moja juu ya mwisho wa zipu. Ng'oa meno mawili hapo kwa koleo, au chana ukingo wa kitambaa kati ya jino na jino kwa ncha ya wembe. Usichane zaidi ya milimita 3 au 4. Ukizidisha, zipu itakatika hapo siku yoyote.

3. Ingiza ukingo wa kitambaa ulio juu ya nafasi hiyo kwenye ule mdomo mtupu wa kichwa. Subira inahitajika. Ncha ya sindano inasaidia kuusukuma.

4. Kabla ya kupandisha, linganisha pande mbili. Meno ya kushoto na kulia yaanze usawa mmoja. Ukianza na tofauti ya meno matatu chini, juu kiuno kitafunga kikiwa kimepanda upande.

5. Pandisha taratibu mpaka juu ya ile nafasi, hakikisha meno yanashikana nyuma, kisha endelea.

6. Zipu ikiwa imefungwa, piga mishono sita au saba ya uzi uliokunjwa mara mbili, ukivuka kutoka upande mmoja hadi mwingine, juu kidogo ya mahali ulipong'oa meno. Hicho ndicho kizuizi chako kipya. Bila hicho, kichwa kitashuka na kutoka tena saa hiyo hiyo.

Zipu itafupika kidogo. Kwenye suruali hutaona tofauti.

Kwa begi au pochi ambayo kichwa kimetoka chote, na ncha za juu za zipu ziko wazi, uma ni msaada mkubwa. Uegemeze uma mezani meno yake yakiwa juu, kisha kivishe kichwa humo, midomo miwili ikiingia kwenye meno ya uma. Mdomo wa nyuma sasa unakutazama. Ingiza ncha zote mbili za zipu kwa pamoja, ziwe sawa, uzisukume mpaka zitokeze upande wa pili, ndipo uzivute. Uma unakishika kichwa kisiyumbe, mikono yako miwili inabaki na kazi ya kulinganisha ncha.

Kubadilisha kichwa cha jaketi

Jaketi ni rahisi kuliko watu wanavyodhani, maana zipu yake inaachana kabisa chini na hakuna cha kufumua.

1. Fungua jaketi. Upande mmoja una kijisanduku chini, mwingine una pini. Kichwa hukaa upande wa kijisanduku.

2. Juu kabisa ya upande huo kuna kizuizi kidogo cha chuma au plastiki. Kilegeze kwa koleo ukitoe. Cha chuma kitunze, utakirudisha.

3. Toa kichwa cha zamani kwa juu.

4. Vivyo hivyo visha kipya kwa kutokea juu: midomo miwili itazame juu kuelekea shingoni, kishikio kiwe nje. Ncha ya zipu iingilie kwenye mdomo wa nyuma. Ukikigeuza, kitashuka vizuri halafu pini haitaingia, na utadhani umeuziwa kichwa kibovu.

5. Shusha mpaka kikalie kijisanduku, ingiza pini mpaka mwisho, pandisha. Jaribu mara kadhaa.

6. Rudisha kizuizi ukibane, au shona mishono minene ya uzi mahali pake.

Zipu imekwama

Tazama kwanza kama imeng'ata kitambaa. Ikiwa ndiyo, usivute kishikio. Vuta kitambaa kwa pembeni, kuelekea mbali na meno, huku unarudisha kichwa kilikotoka. Kama hakuna kilichong'atwa, sugua mshumaa au sabuni kavu. Kwa meno ya chuma, penseli hufanya kazi vizuri, lakini usiitumie kwenye kitambaa cheupe.

Wanaokaa Pwani wanaijua ile kutu ya kijani kwenye meno ya shaba. Paka maji ya limau kwa mswaki, subiri kidogo, suuza vizuri kwa maji, kausha kabisa, ndipo upake nta. Mafuta ya kupikia usiyaguse. Yataacha doa na yatakusanya vumbi, na baada ya wiki hali itakuwa mbaya kuliko mwanzo.

Suruali inayojifungua yenyewe

Kabla ya kutafuta fundi: baada ya kufunga, unakilaza kishikio chini? Ndani ya vichwa vingi vya suruali kuna kijino kinachoshika meno pale tu kishikio kinapolala. Kikibaki kimesimama, zipu inashuka. Kama unakilaza na bado inashuka, kijino kimeisha. Chomeka pete ya funguo kwenye tundu la kishikio, na ukishafunga, ivishe pete kwenye kifungo cha kiuno kabla hujafunga kifungo chenyewe. Haionekani na suruali haitakuaibisha.

Kishikio kilichokatika nacho si sababu ya kubadilisha zipu. Pete ya funguo, klipu ya karatasi, au kipande cha utepe kilichofungwa fundo kinatosha. Kwa begi la mtoto weka kamba nene kidogo, avute kwa urahisi.

Zipu nzima imekufa: sketi au gauni, kwa mkono

Hapa tunafika kama meno yametoka katikati, au nailoni imeungua kwa pasi. Nguo yenye mshono wa kawaida nyuma au ubavuni unaweza kuishona bila cherehani. Zipu ya mbele ya jinzi na ya jaketi la ngozi mpelekee fundi. Jinzi ina matabaka mengi, na ngozi haisamehe tundu la sindano.

1. Pima zipu ya zamani kwa inchi, kuanzia jino la kwanza hadi la mwisho. Usipime kitambaa chote, hapo ndipo watu hununua saizi isiyo yake. Ukikosa urefu kamili, nunua ndefu zaidi. Ya nailoni unaifupisha kwa kushona mara nyingi juu ya meno pale unapotaka iishie, kisha unakata kama sentimita 2 chini yake.

2. Piga picha kwa simu, nje na ndani. Utashukuru baadaye ukisahau bitana ilikuwa inakaa wapi.

3. Fumua kwa wembe ukikata uzi tu, mshono mmoja baada ya mwingine. Usivute zipu ili uzi ukatike, kitambaa chepesi kitachanika. Mikunjo ya zamani usiipige pasi ikapotea, ndiyo ramani yako.

4. Weka zipu mpya ikiwa imefungwa, ishike kwa pini, halafu piga bandi (mishono mirefu ya muda) pande zote mbili kwa uzi wa rangi tofauti. Watu wanaruka hatua hii, kisha wanalalamika zipu imepinda.

5. Fungua, funga, vaa nguo mbele ya kioo. Kama gauni linafanya mawimbi, fumua bandi. Umevuta kitambaa wakati wa kushika pini.

6. Shona kwa kurudi nyuma: sindano inatokea mbele, inarudi nyuma hatua moja, inapita chini na kutokea mbele tena. Mishono iwe ya milimita 2 au 3, umbali wa kama milimita 5 kutoka kwenye meno ili kichwa kipate njia. Ukifika kwenye kichwa, kisogeze ulikotoka kushona kisha uendelee.

7. Chini, vuka mara kadhaa uzibe. Ondoa bandi.

Ile zipu ya magauni isiyoonekana kwa nje inataka mshono uwe karibu sana na meno. Kwa mkono inawezekana, ila fanya kwanza kwenye nguo ya nyumbani.

Ikiwa bado inasumbua

*Nimebana kichwa, ikashika wiki moja ikaachia tena.* Kichwa kimeisha ndani. Ukibana tena utapata siku chache tu. Nunua kingine.

*Inaachia mahali pale pale kila mara.* Hapo kuna jino baya, kichwa hakina kosa. Kama ni karibu na chini, shona kizuizi cha uzi juu ya jino hilo na utumie sehemu iliyobaki. Kama ni katikati, badilisha zipu.

*Kitambaa kimechanika pale pini ya jaketi inaposhika.* Zungusha uzi mwembamba kwa nguvu, weka tone dogo la supaglu, acha ikauke kabisa. Tone likifika kwenye kichwa au kijisanduku, zipu imekwisha. Hata ukifanya vizuri, huo ni msaada wa muda.

*Imepasuka gauni liko mwilini na watu wanasubiri.* Usilivue kama ni la kubana. Shusha kichwa mpaka chini polepole, mtu akusogezee kingo za nyuma kwa mikono miwili, kisha pandisha tena. Zipu ya nailoni mara nyingi hujirudi kwa njia hiyo. Ikikataa, mtu akushone moja kwa moja kwa uzi wa rangi ya gauni, na usiku mtafumua.

*Inakuwa ngumu kila baada ya kufua.* Funga zipu kabla ya kuloweka, na usifikiche mahali penye meno. Suuza mpaka povu liishe humo. Wakati wa kupiga pasi, hasa ya mkaa ambayo joto lake halina kipimo, pita pembeni ya nailoni au weka kitambaa juu yake.